Kitanda cha Juu, Chini ya Maji

Jana baada ya kanisa niliambiwa kwamba wasichana watano wa hapa Bahati na mmoja wa Kamere wamepata barua za kwenda kufanya kazi kwenye meli za watalii. Mmoja wao ni Shiru, mjukuu wangu mwenyewe, ambaye alikaa na barua kwa mkoba siku tatu bila kuniambia. Tangu jana sijatulia. Nimepika githeri nikasahau chumvi. Nimeenda kwa ng'ombe na ndoo nikarudi na ndoo tupu, kwa sababu njiani nilikuwa naongea peke yangu kuhusu viatu.

Miaka kumi na minne nilikuwa kwenye dobi ya meli, chini kabisa, nikifua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Na katika miaka yote tangu nirudi, hakuna mtoto wa hapa aliyeniuliza kitu isipokuwa kama niliona nyangumi. Niliona. Ni mkubwa. Sasa tuongee mambo ya maana.

Huko chuoni Nakuru wamewafundisha kukunja kitambaa cha meza kama ua na kumwambia mgeni habari za asubuhi huku mkionyesha meno. Vizuri. Lakini hawakuwafundisha kulala, na kazi ya meli ni kulala. Msicheke. Mtu ambaye hajalala, shambani atakata mahindi badala ya magugu, basi. Melini atatia mkono kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, ile yenye silinda mbili za moto, na ngozi itabaki huko. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kutafuta raha kidogo melini ni uvivu, mwambie Njoki wa Bahati amesema ukae mbali naye.

Nianze na viatu kwa sababu ndivyo vilivyonisahaulisha maziwa. Sakafu ya meli ni chuma, na chuma hakimhurumii mtu. Nunua viatu vinavyozidi mguu wako saizi moja, kwa sababu kufikia wiki ya pili mguu utavimba. Ndani weka soli mbili, ya pili uitoe kila siku ikauke. Na uwe na pea mbili, leo hii, kesho ile. Shiru amenionyesha picha yake akiwa na raba nyeupe zinazombana kama soksi. Nimemwambia hizo avae akienda Milimani kuonekana.

Kisha nikamwambia afungue begi nione. Cha kwanza kutoka kilikuwa koili ya kuchemshia maji.

"Hii ni ya nini?"

"Cucu, si maji ya kuoga. Huko kama hakuna moto?"

"Unaenda kwa meli yenye mabwawa matatu ya kuogelea, na unafikiri utaoga kwa karai?"

"Basi ni ya chai."

"Toa."

Alitoa, akanung'unika kwamba mathe, yaani mimi, ameamka vibaya. Nilisikia. Lakini hapa sikilizeni nyote, kwa sababu najua mabegi yenu yote sita yana koili. Melini kitu chochote cha kuchemsha kabinini ni hatia kubwa kuliko kumtukana bosi. Moto ndio kitu ambacho mabaharia wanaogopa kuliko maji. Nunua chupa ya chai nzuri, ile ya chuma inayokaa na moto kutwa, uijaze jikoni kwa wafanyakazi ukitoka shifti. Utakunywa chai ukiwa umeegemea mto wako na hakuna atakayekufukuza.

Nimetaja kufukuzwa, na hapo ndipo nataka kufika. Mimi nilikaribia kufukuzwa kabla sijamaliza wiki mbili, na si kwa wizi wala matusi. Ni kwa sababu ya kitanda.

Safari yangu ya kwanza nilipangiwa kabini moja na Bi Zuhura. Alikuwa mama wa Bondeni, hapo Nakuru mjini, Mwislamu wa familia ya zamani, na alikuwa amekaa dobi miaka mingi. Kukutana na mtu wa Nakuru chini ya maji ya bahari kuu nilidhani ni muujiza. Yeye hakuona muujiza wowote.

"Unatoka Bahati?" aliniuliza. "Basi wewe ni mtu wa viazi. Viazi havielei."

"Na nyinyi wa Bondeni bahari mliiona wapi? Maji makubwa mliyozoea ni ya Lake Nakuru, na hata hayo ni ya flamingo."

"Babu yangu alitoka pwani."

"Babu yako ndiye yuko hapa?"

Tulipatana kuanzia hapo. Yeye alikuwa na kitanda cha chini, mimi cha juu, dabodeka kama ya shule ya bweni. Yeye alifanya kazi mchana. Mimi nilianza saa saba mchana nikatoka saa nane usiku, kwa hivyo usingizi wangu ulikuwa wa asubuhi. Chumba hakina dirisha. Kuta ni chuma, na kwa taarifa yenu chuma hicho ni baraka: bebeni sumaku ndogo ndogo zenye ndoano, mnaning'iniza taulo, kofia, picha za nyumbani, kila kitu. Mkikaa wawili mnaofanya shifti tofauti, msiingize mifuko ya plastiki kabinini. Hapa Kenya tumeiacha, lakini kwenye bandari za watu mtapewa. Mtu akitafuta soksi ndani ya mfuko wa plastiki na mwenzake amelala, ni kama anakaanga. Tumia ya kitambaa. Na chupa zako za mafuta ya kujipaka uzivalishe soksi kabla ya kuziweka kwenye kabati, la sivyo meli ikiyumba zitagongana mpaka uchanganyikiwe.

Basi, siku ya tatu bahari ilianza kuyumba. Haikuwa dhoruba, wageni huko juu walikuwa wanacheza muziki. Lakini meli ilikuwa inalala upande mmoja polepole, inakaa hapo kama inayofikiria, halafu inalala upande wa pili. Na kitanda changu cha juu kilikuwa na kingo ya vidole viwili tu. Asubuhi hiyo nilianguka. Nilianguka kama gunia, nikaamka nikiwa sakafuni nikiwa nimekumbatia mto. Nikapanda tena. Asubuhi iliyofuata nikaanguka tena, na safari hii kiwiko kiligonga kona ya kabati kikavimba kama ndizi.

Sikumwambia mtu.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu nyinyi mmelelewa tofauti. Mimi nimezaliwa kwenye shamba la mzungu wa zamani, nyumba ya udongo, watoto sita kwenye magunia ya mbolea yaliyoshonwa pamoja. Kwetu mtoto angeweza kusema ana njaa. Lakini mahali pa kulala hapakulalamikiwa. Ukisema umelala vibaya, mama alikuuliza ulitaka kulala wapi, kwa chifu? Nikakua hivyo. Hata nilipoolewa, hata nilipofiwa na mume nikabaki na watoto watatu, sikuwahi kufungua mdomo kusema nimelala vibaya. Kwa hivyo siku nne nilikuwa nalala nusu macho nimeshika bomba la kitanda, nafanya kazi macho yakiwa yameingia ndani. Nilipiga pasi shati la nahodha nikaacha alama ya kahawia mgongoni. Bosi wa dobi akaniangalia tu, akaandika kitu.

Siku ya tano ya kukosa usingizi nikapata akili yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa akili mbaya.

Begi langu zipu yake iliharibika siku ya kuondoka, na mama yangu alikuwa amelifunga kwa mukwa wake. Mukwa ni mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu walibebea kuni, mzigo mgongoni na mkanda kwenye paji la uso. Ule wa mama ulikuwa mweusi, laini kwa miaka, na ulikuwa umenibebea maji ya kunywa utoto wangu wote. Nikautoa kwenye begi, nikalala, nikajizungushia kiunoni, nikauzungusha kwenye bomba la kitanda, nikafunga fundo lile lile la kuni ambalo nimefunga tangu nikiwa na miaka saba. Nikalala. Watoto, nililala. Meli ilienda kulia nikabaki, ikaenda kushoto nikabaki. Nilikuwa nimesahau usingizi una ladha gani.

Saa nne asubuhi ving'ora vikalia.

Lilikuwa zoezi la dharura. Mtayafanya kila wiki, na usichukulie hata moja kama mchezo. King'ora kikilia unavaa jaketi lako la kuelea, unapanda mahali ulipopangiwa, unasimama, unahesabiwa. Mimi nilifungua macho nikavuta fundo. Fundo halikuja. Fundo la kuni limetengenezwa hivyo: mzigo ukivuta, linakaza. Na mimi ndiye niliyekuwa mzigo, nimevuta masaa matano. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno kadiri nilivyofika. Nikajaribu kutoka kwa chini kama nyoka, nikakwama kwenye makalio. King'ora kinalia. Nikaanza kuita, na hakuna wa kunisikia kwa sababu watu wote wako juu.

Juu huko walihesabu wakapata mmoja amepungua. Wafanyakazi wote wa upande wetu walisimama juani na majaketi, hakuna kuondoka, mpaka huyo mmoja apatikane. Bi Zuhura alikuwa kati yao. Aliniambia baadaye kwamba alisoma kila aya aliyoijua.

Walikuja wanaume wawili wenye kofia ngumu na vinyago vya moshi, kama inavyotakiwa. Wakafungua mlango wakakuta mama wa Bahati amefungwa kitandani kama mzigo wa kuni. Mmoja alitoa kisu akakata mukwa. Nilisema, "Usikate," kwa Kiswahili, na alikuwa ameshakata. Nitawaambia ukweli, aibu ya siku ile imeniisha. Ule mkanda haujaniisha.

Afisa wa usalama alikuwa mtu mrefu sana wa nchi za baridi, sisi wa chini tulimwita Twiga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ungekuwa moto wa kweli," aliniambia, "hawa vijana wawili wangekuja kukutafuta ndani ya moshi. Wangekufa kwa sababu yako. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Bandari inayofuata tunafika baada ya siku tatu. Utashuka hapo, utapelekwa nyumbani."

Nikafikiria nyumbani. Watoto wangu watatu walikuwa kwa mama. Kanisa zima lilikuja kuniaga, walinichinjia kondoo. Na nilikuwa nirudi kabla ngozi ya yule kondoo haijakauka.

Kabinini Bi Zuhura alinikuta nimekaa sakafuni na vipande viwili vya mukwa. Akaona kiwiko.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ukanyamaza."

"Mahali pa kulala hapalalamikiwi, Bi Zuhura."

"Nani alikuambia?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa na kitanda kinachotembea?" Alikuwa na hasira kweli. "Nyanyuka. Niletee jaketi lako."

Akainua godoro langu kwa upande wa nje, ule wa kuangukia, akasukuma jaketi la kuelea chini yake kwa urefu. Godoro likainuka kama paa la nyumba. Upande wa ukuta ukawa bonde. "Lala kwenye hilo bonde, mgongo kwa ukuta, goti moja lipinde," akasema. "King'ora kikilia jaketi liko hapo hapo, unalivuta unaenda. Dakika moja. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekuonyesha siku ya kwanza."

Hilo andikeni kwa kitabu. Jaketi chini ya godoro, upande wa nje. Na kamwe usijifunge, hata kwa leso. Mengine nitayataja haraka: tangawizi na biskuti kavu kwa kichefuchefu, usilale na tumbo tupu. Hewa ya mashine itakukausha koo, ning'iniza taulo yenye maji karibu, usizibe tundu la hewa kwa matambara, kwa sababu ukuta utatoka jasho na nguo zitaota ukungu. Na hiyo simu yenu. Sisi tulipanga foleni bandarini kupiga nyumbani dakika tano. Nyinyi mtakuwa nayo kitandani, mnaangalia harusi ya mtu Naivasha wakati mwili unataka kulala. Zima. Harusi haitabadilika.

Kesho yake niliitwa ofisini kwa Twiga kutia sahihi karatasi ya kurudishwa nyumbani. Alikuwepo yeye na karani mmoja. Kalamu ilikuwa mezani. Nilikuwa nimelala asubuhi nzima kwenye lile bonde, na mtu aliyelala ana maneno. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, lakini nilikipanga.

"Nitatia sahihi," nikasema. "Nilikosea na sikatai. Lakini kwanza njoo ulale kwa kitanda changu."

Karani alikohoa. Twiga akawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi sikuelewa wanashangaa nini, nikarudia kwa sauti. "Kitanda changu. Njoo ulale. Sasa hivi, wakati bahari iko hivi."

Sijui ni nini kilimfanya akubali. Nafikiri hakuna mtu wa dobi aliyewahi kumwambia njoo. Alishuka nami ngazi zote mpaka chini, kila mlango tunaopita unafunguka kidogo na kichwa kinatoka. Nikatoa jaketi chini ya godoro, nikalilaza godoro kama nilivyolikuta. Akavua viatu, akapanda. Miguu ilimzidi kitanda. Akalala chali, mikono kifuani, kama mtu anayepimwa na daktari.

Meli ikaenda kulia, kwa ukuta, akabaki. Ikaja kushoto, akashika bomba.

"Mtu aliyelala hashiki bomba," nikamwambia.

Akaachilia. Meli ikakaa, ikafikiria, ikarudi. Ilipokuja tena kushoto, Twiga alikuja nayo. Alianguka na makalio mbele ya mlango, mtu mzima na vyeo vyake mabegani, na kofia ikabingirika mpaka kwenye korido.

Hakuna aliyecheka. Alikaa hapo sakafuni akiangalia ile kingo ya vidole viwili. Kisha akauliza wale waliokuwa mlangoni, "Nani mwingine ameanguka?"

Vichwa vikaanza kurudi ndani. Mnajua watu wanaotaka kazi. Nilimwangalia Bi Zuhura, ambaye alikuwa amekuja kuchukua aproni. Nilijua yeye kitanda chake ni cha chini, hana shida, na hana sababu ya kujiingiza. Akakunja mkono wa nguo yake mpaka kwa bega. Kulikuwa na kovu refu ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu yeye ni mtu wa kujifunika.

"Mimi," akasema. "Nikiwa na kitanda cha juu. Nilisema nimeteleza kwenye ngazi."

Halafu msichana wa kuosha vyombo, kutoka nchi moja ya Amerika ya kusini, akainua suruali akaonyesha goti. Halafu mwingine, jino. Halafu mvulana mmoja wa jikoni akasema kwa aibu kwamba yeye hulala sakafuni tangu mwezi uliopita. Kumbe korido nzima tulikuwa tunaanguka, kila mtu kimya kwake, kila mtu akidhani ni yeye tu asiyejua kulala.

Twiga akachukua kofia, akaandika namba za milango, akaondoka na viatu mkononi. Kuhusu karatasi yangu hakusema neno.

Siku iliyofuata fundi seremala wa meli alianza upande wa mbele, mlango kwa mlango, akifunga ubao wa kuinuka na kushuka kwenye kila kitanda cha juu. Chetu alikifikia siku hiyo hiyo saa sita mchana, kabla sijaingia kazini, na ilikuwa siku ya kuamkia bandari. Nilimwambia asijisumbue, mimi nashuka kesho. Akasema yeye ameandikiwa namba ya mlango, hakuandikiwa jina la mtu, akaendelea kupiga skrubu.

Nilikuwa nimeshapanga nguo. Begi nililifunga kwa kamba ya dobi. Nilitoka shifti saa nane usiku, nikamaliza kusema kwaheri kwa mashine, maana ndizo nilizokuwa nimezizoea, nikapanda kitandani na nguo za safari nikiwa nimevaa hata viatu. Walikuwa waje kuniita saa mbili asubuhi. Nilipandisha ule ubao kujaribu tu.

Nilipofungua macho, sakafu ilikuwa inatetemeka ule mtetemo wa injini ikiwa mwendoni. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, anakula wali kutoka kwenye bakuli.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa sita mchana."

Niliruka nikagonga kichwa kwa dari. "Na bandari?"

"Tumeiacha saa tano."

"Hawakuja kuniita?"

"Twiga alikuja mwenyewe saa mbili, sijaenda kazini bado. Alisimama hapo. Akashika ubao akautikisa kuona kama umekaa imara. Akakuangalia na hivyo viatu vyako."

"Akasema nini?"

Bi Zuhura alimeza kwanza. Alikuwa mtu wa kumaliza chakula mdomoni kabla ya kuongea.

"Akasema usiamshwe."

Nikavua viatu, nikageukia ukuta, nikalala tena mpaka saa ya kazi.